Wekundu Niliouita Tumbawe

Bwera, Jumanne, siku ya soko, Novemba 2015. Mvua imenyesha tangu asubuhi na milima haionekani kabisa.

Shajara yangu ya mtandaoni, leo nina aibu, na sitaki kuzunguka mbuyu.

Asubuhi nimeondoa blanketi jeusi lililofunika tangi la samaki kwa siku tatu. Wateja wa hoteli yangu walikuwa wameanza kuniuliza kama tuna msiba. Maji yametulia, mawe yanaonekana tena, na samaki wawili waliobaki wanazunguka kama kawaida yao. Ningepaswa kufurahi.

Nianze na jina. Hapa wananiita Hajji, na Maka sijafika. Walianza kuniita hivyo nilipoacha udereva wa lori na kufungua hoteli hii kando ya barabara ya mpakani, nami sikumsahihisha mtu. Kwa kuwa nilikuwa nikibeba mizigo Mombasa, na Kiswahili changu kimenyooka kidogo kuliko cha wengine, wakaamini pia kwamba naijua bahari. Bahari yenyewe nimeiona nikiwa kwenye foleni ya malori, kupitia kioo cha mbele. Hata miguu sijailowesha.

Hilo nalo sikulisahihisha.

Tangi nililileta katika safari yangu ya mwisho. Fundi mmoja wa Mombasa aliniuzia kila kitu: kioo, taa, pampu, pakiti za chumvi ya bahari, mawe, vipande vitatu vya matumbawe hai na samaki watatu, wawili wa rangi ya chungwa na mmoja wa buluu. Alinieleza mengi kuhusu maji safi na kulisha kidogo. Niliitikia kwa kichwa huku akili yangu ikiwa hapa Bwera, ikipanga watu watakavyoingia mlangoni na kushika midomo.

Na kweli walishika midomo. Kila mgeni aliyeingia nilimwita karibu na kioo, nikachota chakula, nikawatupia samaki ili awaone wakiruka. Mgeni wa chai, mgeni wa chakula cha mchana, mgeni aliyekuja kuuliza njia tu. Nilifurahi kuliko samaki wenyewe.

Baada ya miezi michache kikatokea kitu chekundu juu ya mchanga, kinaelekea zambarau, laini kama mahameli. Kila siku kilitambaa mbele kidogo. Sikujua ni nini. Badala ya kusema sijui, nikatangaza kwamba matumbawe yanazaa.

Mwalimu mmoja wa Kisinga alileta darasa zima kuangalia. Nikasimama mbele ya wale watoto nikaeleza jinsi tumbawe jekundu linavyokua, na wakaandika. Maneno yangu yako kwenye madaftari yao mpaka leo.

Aliyejua ni Masika. Ni mwanamke wa Karambi aliyekuwa akinisafishia hoteli, na kazi ya kuwalisha samaki asubuhi nilikuwa nimempa yeye, mara moja, punje chache. Baba yake alifuga samaki, wale ngege wa maji baridi, kwenye bwawa. Siku moja aliinamisha pua juu ya tangi, akanigeukia mbele ya watu.

"Hajji, hii haiko maua ya bahari," akasema. "Iko uchafu ya maji. Inanuka sawa bwawa ya baba."

Nikamjibu kwa sauti ya kusikika meza zote: "Wewe wa mlimani, bahari utaijulia wapi?"

Watu wakacheka. Nilicheka pia, nilicheka zaidi yao.

Halafu tumbawe moja likajikunja na kuwa jeupe, na samaki wa buluu akafa. Wateja wakauliza kumetokea nini. Ilikuwa nafasi yangu nzuri ya kusema sijui. Nikasema Masika amewajazia chakula mpaka maji yakaoza. Nilisema akiwa amesimama palepale, na sinia mkononi. Aliweka sinia chini, akavua aproni, akaikunja vizuri, akaiacha juu ya meza, akaenda.

Ni wiki tatu sasa. Sokoni anaitwa yule aliyeua samaki wa Hajji. Nimesikia aliomba kazi kwenye hoteli nyingine hapa Bwera wakamwambia hapana, kwa sababu hiyo hiyo.

Ijumaa nilimtumia fundi picha kwa simu. Hakunicheka, akaniambia nijaribu jambo moja: nichukue bomba la sindano lisilo na sindano, nipulize maji polepole juu ya ule wekundu. Tumbawe litabaki mahali pake. Ukibanduka kama ngozi, ni utando wa mwani mbaya, na mchana nitaona vipovu vya hewa juu yake.

Ulibanduka wote, kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Vipovu nilikuwa nimeviona kila siku na kuwaonyesha wageni.

Fundi akaniuliza nani analisha, na mara ngapi kwa siku. Nilianza kumhesabia wageni, vidole vikaniishia. Akauliza natumia maji gani. Ya bomba, nikasema. Miaka yote ya lori sijawahi kutia maji ya bomba kwenye betri, lakini viumbe hai nimewatilia.

Basi Jumamosi nikafanya alivyonielekeza. Nilikwenda Kasese mjini kununua maji ya betri, yale yaliyosafishwa yasiyo na madini, nikachanganya na chumvi ya pakiti. Nikanyonya utando kwa mpira mpaka kwenye beseni, nikabadilisha sehemu ya maji, nikageuza pampu isukume maji ya ile kona yaliyokuwa yametuama, nikazima taa na kufunika. Lile beseni lilinuka hoteli nzima. Lilinuka bwawa, kama alivyosema yeye, na nililibeba nje mwenyewe.

Sasa kilichonifanya niandike.

Leo mchana hoteli imejaa watu wa soko waliokimbia mvua. Wameona kioo kilivyotakata, wakaanza kunisifu kwamba Hajji kweli anaijua bahari. Mama mmoja muuza vitenge kutoka ng'ambo ya mpaka, mteja wangu wa siku nyingi, akasema, "Ule mwanamuke alitaka kukuharibishia, Hajji. Sasa maji iko muzuri."

Nilikuwa na sahani mbili mikononi. Nikasema, "Ndiyo, mama."

Nikatabasamu.

Mara ya kwanza naweza kusema sikujua. Leo nilijua. Nilijua kila kitu, na bado nimemzika Masika tena kwa neno moja, kwa ajili ya sifa ya wali na maharage.

Tangu jioni nimejiambia nitapanda boda hadi Karambi nimwombe msamaha nyumbani kwake. Lakini naujua ujanja wangu. Karambi hakuna atakayenisikia ila yeye, na yeye tayari anaujua ukweli. Hata hapa ninapoandika, najivunia kuungama, kumbe nimechagua mahali ambapo hakuna mtu wa Bwera anayesoma. Masika hana simu ya kufungulia kurasa hizi.

Nilimwaibisha mbele ya meza zilizojaa. Kwa hiyo ni hapo hapo.

Nitasimama kando ya kioo saa ya chakula cha mchana, kabla ya kwenda Karambi, niseme kwamba Masika alisema kweli tangu mwanzo na kwamba aliyeua samaki ni mimi. Halafu nimwandikie yule mwalimu wa Kisinga, watoto wafute.

Kila ninapopita, samaki wawili wanakuja mbio kwenye kioo wakidhani nawaletea chakula. Leo nimepita mikono ikiwa mifukoni.

Kesho kuna watakaokuja kula. Je, wakiniita Hajji, nitaitika?