Kitabu Kilichowagombanisha Wamama wa Panda

Panda, Likasi
Jumapili jioni

Yaya Mathieu, kaka yangu,

Nakusalimu kwanza, kabla ya neno lingine lolote. Uko mzima? Sisi huku tunapumua. Baba bado anakohoa, na Mama anakula kidogo sana. Nakuomba, ukipata karatasi hii, umpe Numbi muuza unga jibu palepale, hata neno moja, kwa sababu tangu Alhamisi tunasikia kwamba shimo limeanguka huko mnakochimba, na hakuna anayejua majina.

Siku hizi kuna kitabu cha Kifaransa kuhusu namna ya kuishi, watu wengi wanakisoma. Mwalimu Evariste aliniazima chake. Kila Jumapili baada ya misa wamama wa kambi wanakaa uwanjani kwetu, na mimi ninawasomea kwa Kiswahili, maana Kifaransa chao ni kidogo. Unajua ninavyoona haya mbele za watu, lakini nikishika kitabu sauti inatoka.

Siku moja walisikia sentensi hii: aliyechagua njia yake, usimfuate, kumfuata ni kumdharau. Yaya, uwanja uligawanyika! Mama Germaine alisimama akasema ule mwenye aliandika hivi hakubebaka mutoto mugongoni hata siku moja, ni muntu wa kushiba. Mama Josée akamwambia anyamaze, kwamba sentensi hiyo ndiyo iliyomrudishia usingizi tangu mume wake amfuate mwanamke wa Kolwezi. Mama Germaine akamjibu basi kitabu kimupikie na bukari. Watu walicheka, lakini tangu siku hiyo hao wawili hawasalimiani.

Mama hakucheka. Aliniomba nirudie mara tatu. Jumamosi iliyofuata hakushika tena njia ya Shinkolobwe kuja kukusihi urudi nyumbani. Alisema kitabu kimemfundisha kukuheshimu. Sasa ni Jumamosi saba. Pengine unafikiri amekutupa. Hakukutupa. Kila jioni anakuwekea sahani, kisha anaifunika.

Leo mchana Mama Germaine alikuja kumwomba aende akakutafute, aachane na karatasi za watu asiowajua. Mama alilia, akasema kitabu kimekataza. Nilikuwa pale mlangoni, nikasikia yote.

Yaya, kitabu hakikukataza. Ukurasa ule unaongea juu ya kuamka mapema. Sentensi ile niliitunga mimi. Wiki nzima jina lako tu ndilo lililokuwa mdomoni mwa Mama, na Jumamosi anakwenda kwako, mimi nabaki na Baba. Hakuniuliza hata mara moja ninasoma nini shuleni. Nilitaka Jumamosi moja, moja tu. Kisha wamama wakaigombania sentensi yangu kama neno la mtu mkubwa, nikaona raha, halafu nikaogopa kusema.

Nilitaka kumpa Numbi barua hii aje nayo peke yake. Siwezi. Anaondoka kesho alfajiri na magunia yake ya unga, kwa hiyo nikimaliza kuandika ninaingia jikoni kumwambia Mama yote, ili aondoke naye. Atakuletea barua hii mwenyewe. Anipige au asinipige, aje tu.

Baba anakusalimu sana. Wasalimie wenzako wote waliotoka shimoni. Ukimwona Mama, nakupigia magoti, usimuulize kwa nini amechelewa. Niulize mimi. Uwe hai, uniulize mimi.

Mdogo wako,
Arielle