Damu ya Bwana Yangu na Citoyenne wa Labo

Mudogo yangu Ngalula, yambo sana kwako na kwa batoto yangu bale uko nabo kule Kisenge.

Huku Kolwezi vumbi inaingia mpaka mu bukari, ugali yetu, na mi, wivu inanikula. Tangu kidonda ya muguu ilitia sumu mu damu ya shemeji yako, citoyenne mumoja, mwanamuke wa labo kwenye banapima damu, anakuya ku hopitali asubui na mangaribi. Anamushika mukono, anamuvuta damu, na shemeji yako anamuchekea! Mi njo napika, napangusa jasho. Kunichekea mi, hapana.

Jana nilifuata ule mwanamuke mpaka ku labo. Nikamukuta anasimamisha damu mu katube nyembamba, anaiangalia saa moja muzima. Akaniambia: "Mama, damu ikishuka mbio, ugonjwa iko mukali. Ya bwana yako ilikuwa inaanguka sawa jiwe. Leo inashuka polepole."

Leo hakukuya. Munganga wa hopitali anasema hakuna tena lazima ya kupima kila siku. Nilifurahi, nikalia, lakini wivu iko palepale: ule mwanamuke alijua mbele mi nijue kama bwana yangu atapona.

Unikumbatie batoto. Ubaambie tata yao, bwana yangu, ameomba kula sombe, majani ya muhogo. Na ile, mi njo nilisikia wa kwanza.

Yaya yako