Mbavu Zilizopakwa Vanishi

3 Machi

Baba, shikamoo.

Goti linasemaje? Mimi mzima, ila vumbi la msasa linanikohoza. Karakanani tunapaka vanishi meza kumi na mbili za hoteli, hadi mto wangu unanuka vanishi.

Baba, ni miaka miwili tangu meno yako yang'oke, na miaka miwili hujakanyaga kwangu. Kila nikikualika una mafua. Mafua gani hayo yanayofuata mwaliko? Njoo mwisho wa mwezi. Mteja kanipa mapishi ya Kiasia: mbavu za nguruwe zinapakwa mchuzi wa soya, asali, tangawizi, kitunguu saumu na siki. Anasema zinalika hata kwa fizi.

Kitindamimba wako

12 Machi

Mwanangu, marahaba.

Goti linalalamika, mimi nalisikiliza; ndiyo maongezi yetu. Miaka thelathini na tano nimekata nyama buchani, sijaona mbavu za kuliwa kwa fizi. Na wewe hata mayai ya kuchemsha ulikuwa unayaunguza.

Yaache mafua yangu. Siku hizi nikitafuna, mdomo wote unakunjamana. Wajukuu watanicheka. Ukipika mbavu ambazo nyama inaachia mfupa bila kuvutwa, niandikie. Ila niandikie ukweli.

Babako

20 Machi

Baba, shikamoo. Pole na goti.

Ukweli umeutaka mwenyewe, haya. Jana nimepika. Kupaka ndiyo kazi yangu, kwa hiyo nilipaka kifundi: nyama mbichi, brashi mpya, mpako wa kwanza, moto mkali ukaushe, mpako wa pili, hadi wa sita. Ziling'aa, Baba! Ungeweza kuzifanya kioo cha kunyolea ndevu. Mume wangu akauma, akaomba msumeno. Nje asali imekuwa lami, ndani mpira mtupu. Watoto wamezipeleka uani, wanapigana nazo kama mapanga.

Nimekosea wapi?

Kitindamimba wako

29 Machi

Mwanangu, marahaba.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimecheka hadi nikaketi. Tangu lini ukapaka vanishi ubao ambao hujaupiga randa?

Sikiliza. Upande wa ndani wa mbavu kuna utando mweupe. Chomeka ncha ya kisu, ushike kwa kitambaa kikavu, uvute utoke wote. Kisha chumvi, tangawizi na maji kidogo, funika kwa foili mvuke usipate pa kutokea, moto mdogo, saa tatu. Usifunuefunue, kuchungulia hakuivishi. Mchuzi wako mtamu ni wa mwisho kabisa, mipako miwili, dakika kumi. Asali haivumilii moto mrefu.

Hii si kusema nakuja. Nimeihurumia nyama tu.

Babako

10 Aprili

Baba, shikamoo.

Utando nimeung'oa, na saa tatu nimeikalia mikono yangu nisifunue. Nilipofunua, nikashika mfupa, ukaja peke yake! Kwa kuwa huniamini, nimeita shahidi: bibi wa ghorofa ya juu, hana jino hata la kusingiziwa. Kamaliza mbavu tano, akauliza za kubeba ziko wapi.

Baba, sina haja ya kukuona ukitafuna vizuri. Nina haja ya kukuona.

Kitindamimba wako

2 Mei

Mwanangu, hujambo? Mimi nimefika nyumbani salama, goti limevimba kwa safari lakini halina la kusema.

Nisamehe, barua yako sikuijibu. Nilipanda basi moja kwa moja. Mbavu zilikuwa laini, sikatai. Chumvi ilizidi kidogo.

Sasa nikwambie nililolificha. Pale mezani, mjukuu wangu mdogo alinikodolea macho mdomoni mpaka nikaweka nyama chini. Nikajisemea, haya ndiyo niliyoyakimbia. Mtoto akanisogelea, akafungua kinywa chake, akanionyesha pengo la mbele, akaninong'oneza: "Babu, yako yataota lini?"

Nikamwambia bado kidogo. Nikaenda bafuni nikafungulia maji, mkadhani nanawa mikono. Nilikuwa nalia, mwanangu. Miaka miwili nimekula peke yangu kwa kuogopa swali, kumbe swali lenyewe ndilo hilo.

Mwambie mwezi ujao nakuja tulinganishe mapengo.

Babako