Mstari wa Homa ya Kaka

Keza mjukuu wangu, hapa Gisenyi tunapumua. Mama yako ameshuka Rubona kununua sambaza, wale dagaa wa ziwani.

Katika barua yako unashangaa kwamba thamani ndogo kabisa ya grafu ya hesabu ilikuwa ukingoni, nawe uliitafuta bondeni, mstari unapopinda. Ukingo huo naujua. Nikiwa msichana, kaka yangu alilazwa hospitali, na kila asubuhi muuguzi alichora homa yake. Mstari ulipanda hadi kilele, kisha ukateremka. Nilikimbia nyumbani: "Mama, inashuka!" Mama akapika ikigage, pombe ya mtama, awashukuru majirani waliombeba kaka kwa machela.

Mstari haukupinda tena. Ulishuka mno, ukaishia huko chini.

Kwa hiyo tazama na ncha zake, mjukuu wangu.

Ile pombe majirani waliinywa matangani.

Bibi yako