Jina la Watu Ndani ya Uso wa Mama Yako

Chumba cha nyuma,
Studio ya mjomba wako,
Jumanne, tarehe kumi na nne.

Mpendwa mjukuu wangu, mume wangu mtoro,

Hivi wewe una miguu au umeiuza? Tangu tumzike mama yako hujakanyaga hapa. Kila likizo kazi imekubana, kila kazi ikiisha unaumwa. Mwanamume gani anamtelekeza mke mzee kama mimi na bado anajiita mume?

Haya, nimeshakugombeza, sasa nakusalimu. Hujambo? Kile kikohozi kimekuacha? Unakula chakula cha moto au unashindia mikate? Mimi nipo, magoti ndiyo yananikatalia asubuhi. Mjomba wako ni mzima kwa kumtazama tu. Anayeniandikia ni mke wake. Nimemwambia asinipambie maneno, nikisema mjinga aandike mjinga.

Najua kinachokuzuia. Ni ile picha.

Ile aliyompiga mjomba wako, mama yako yuko kwenye cherehani, futi shingoni, anacheka mpaka gego linaonekana. Sasa iko kwenye pakiti za sabuni ya unga, kila duka. Wamemfuta futi, wakamwekea mapovu. Mama yako, ambaye siku ya kufua alikuwa hasemezeki.

Mwanzo nilikuwa naziokota zile pakiti mtaroni, nazipangusa, nazikunja. Nimeacha. Ni nyingi kuliko mikono yangu.

Wewe unajua mjomba wako anavyofanya kazi. Picha ya mteja haitoki dukani kabla hajaitia alama ya siri. Alinieleza kwamba jina lake analichanganya humo ndani kama chumvi kwenye mchuzi, jicho halilioni, ila kompyuta ikionja inalipata. Lakini za ndugu anazitoa safi. Nani amtie dada yake alama kama mbuzi wa mnadani? Ndivyo alivyokutumia wewe ile ya mama yako, nawe ukaiweka mtandaoni wiki ya msiba. Hapo ndipo wauza picha wa mtandaoni walipoichukua, wakawauzia watu wa sabuni. Na ile ya asili ya kwenye kamera, ambayo ingetutetea, alikuwa ameshaifuta, maana kadi ya kamera ni moja na kulikuwa na harusi inasubiri.

Tulikwenda kwa wakili. Ofisi ina feni inayozunguka bila kuleta upepo. Akaniuliza, "Bibi, alama yenu iko wapi?" Nikamwambia mimi ndiye niliyemzaa, anataka alama gani tena? Akasema, "Kuzaa ni kuzaa, bibi, picha ni picha." Hakusema kwa ubaya. Angesema kwa ubaya ningejua la kumjibu.

Sasa limekuja lingine. Wale wauza picha walioiuza kwa watu wa sabuni wameitia alama yao wenyewe. Mjomba wako hakujua. Akaitafuta picha yake mtandaoni, akachukua ile nzuri aliyoiona kwao, isiyo na mapovu, akaiweka kwenye ukurasa wake wa kazi. Kompyuta ikaionja, ikakuta jina lao, ukurasa ukafungwa. Eti yeye ndiye mwizi. Ndani ya uso wa mwanangu kuna jina la watu nisiowajua, limeingia mpaka kwenye meno.

Tangu hapo mjomba wako anapiga picha za pasipoti tu. Zamani alikuwa anawachekesha watu mpaka walegee. Siku hizi anasema, "Tazama hapa," basi. Nimerudi kwa wakili peke yangu, akaniambia nipumzike. Sikudanganyi kwamba picha itarudi. Haitarudi.

Huyu anayeandika ananiambia nisikuandikie hivi, utaumia. Uumie, ni mama yako. Ila sikiliza. Kumlilia mama yako mbele za watu si kosa, na hapa hakuna aliyekukalia kikao. Ninachokasirikia ni kunikimbia. Wao wamechukua sura ya mwanangu, wewe unamalizia kwa kuninyima mtoto wake.

Mjomba wako anakusalimu, ingawa hajasema. Mke wake naye anakusalimu. Fundi viatu wa pale mlangoni anauliza kama soli zako bado zinalika upande mmoja.

Mungu akufunike huko uliko, akuondolee hicho kifua, akupe usingizi wa kuamka nao vizuri.

Mimi nikupendaye na ugomvi wangu wote,
Bibi yako.

Siku utakayokuja, usishukie kituo chetu. Shuka kile cha nyuma yake, upite upande wa karakana ya mbao, mimi nitakuwa nimesimama huko. Hapa kituoni wameweka bango la ile sabuni, kichwa chake kikubwa kuliko nyumba hii, anamchekea kila anayeshuka. Mimi nimezoea kupita nikitazama chini. Wewe hujazoea, na sitaki ukutane naye hapo kabla hujanishika mkono.