Baba, Nadhiri Ile Uliiweka Wewe

Yeoville, Johannesburg

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba, na Bwana asifiwe. Kifua kinaendeleaje na hiyo baridi ya Lushoto? Najua umeshavaa lile koti zito mpaka ndani ya nyumba, na Mama analalamika kwamba unalala nalo. Mimi ni mzima. Masomo yanakwenda, maji ya bomba yanakwenda na kurudi, na nimejifunza kuoga kwa nusu ndoo nikatoka safi.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ukianza kukohoa nasahau nilichotaka kusema, au najifanya nimesahau.

Unajua kwamba hapa nasali na Wakongo. Kanisa letu ni ukumbi wa kupanga juu ya saluni ya kusuka nywele. Pasta anahubiri kwa Kiswahili cha Bukavu, nami nasimama ubavuni pake natafsiri kwa Kiingereza, maana watoto waliozaliwa huku Kiswahili wanachokijua ni cha kuitwa kula tu. Na mkalimani hatafsiri maneno peke yake. Pasta akirusha mkono, narusha, akiruka, naruka. Ungeniona ungecheka mpaka kikohozi kikurudie.

Jumapili moja akahubiri habari za yule shujaa wa zamani aliyeweka nadhiri: Mungu akimpa ushindi, atamtoa sadaka ya kuteketezwa yeyote atakayetoka mlangoni kumlaki. Akatoka binti yake wa pekee, anacheza na matari. Pasta akainua mkono juu, akapaza sauti: "Na Mungu akafurahia ule mubaba, sababu alikamata ahadi yake!"

Nikainua mkono wangu, nikafungua mdomo, hakuna kilichotoka. Sura ile nilikuwa nimeisoma wiki nzima, mstari kwa mstari. Hakuna palipoandikwa kwamba Mungu alifurahi, wala kwamba aliomba kitu kama kile. Jina la baba lipo, la binti halipo.

Nikabaki nimesimama, mkono bado uko juu. Akina mama wakadhani nimeshukiwa na Roho. "Amina! Muache Roho atumike!" Mmoja akapiga vigelegele. Kwa aibu machozi yakanitoka, na hapo ndipo nikawa nimewathibitishia kabisa.

Baada ya ibada Pasta akaniita pembeni, amenuna.

"Dada, uliniacha peke yangu kule mbele. Ile ilikuwa Roho, ama ilikuwa nini?"

"Haikuwa Roho, Pasta. Nionyeshe mahali Mungu alipofurahi, nitatafsiri mara mbili."

Akafungua Biblia yake, akafunua mbele, akarudi nyuma. "Eish," akasema, akaifunga, akaondoka bila kuniaga. Nilijua nimefukuzwa kazi. Lakini Jumapili iliyofuata akaniita mbele kama kawaida, akawaambia watu: "Juma iliyopita nilisema kitu chenye hakiko mu Maandiko." Nikatafsiri hiyo kwa sauti kubwa kuliko zote! Sasa kila Jumamosi vijana wanakuja na maswali yao, naye anakubali kuulizwa, ingawa uso unamshuka.

Baba, sikulia kwa aibu tu. Mimi ni mtoto wa nadhiri. Nilikuwa mchanga, homa imenikunja shingo, ukapiga magoti ukasema nikipona nitasimama madhabahuni. Kila sikukuu ya mavuno umelisimulia hilo kanisani, mimi nimekaa benchi la mbele. Na sasa umeshaongea na Askofu kuhusu chuo cha uchungaji, nikirudi tu mwisho wa mwaka.

Nina maswali ambayo nikimuuliza mtu mwingine nitakuwa nakusengenya. Kwa nini aahidi baba, alipe mtoto? Kama Mungu aliniponya kwa rehema, mbona anadai malipo? Ungenyamaza siku ile, angeniacha nife? Sidhani. Yule uliyenifundisha kumwita Baba hafanani na huyo.

Usiogope, sijaacha imani. Nasali kuliko zamani, ila sasa nasali huku nauliza, na moyo wangu umekuwa mwepesi. Nitarudi nyumbani kufanya nilichosomea: kutafuta maji chini ya ardhi, kule tambarare ambako akina mama wanamaliza asubuhi nzima na madumu kichwani. Ningeweza kukuambia kwamba huo nao ni uchungaji, ili sote tufurahi. Sitaki kukuzunguka. Sitakuwa mchungaji, Baba.

Nisalimie Mama, mwambie kanga yake naivaa mpaka maktaba. Kaka Yona na mkewe wambusu mtoto kwa niaba yangu. Mzee wa kanisa, jirani yetu mwenye kabichi, naye mfikishie salamu, ila barua hii usimsomee.

Yule baba alipomwona bintiye alirarua nguo zake, akamlaumu. Nimetafuta swali moja tu ambalo alimuuliza, sikuliona. Wewe nakujua. Utakasirika, utatoka nje uzunguke shamba, kisha utarudi ndani. Ukishakaa, nipigie, kohoa unavyotaka, halafu uniulize: "Mwanangu, wewe unataka nini?" Tangu nizaliwe hujaniuliza. Hata nikiwa darasani nitatoka nipokee.

Binti yako akupendaye,
Upendo