Sarafu za Bure na Barua ya Posa

Jumatatu, 3 Juni

Skola wangu ameandika sheria! Naandika hapa kabla sijamsalimia hata jirani, mikono bado ina udongo wa karoti. Kapiga simu nikiwa mtoni naosha mzigo wa soko. Yeye husema kanuni, mimi nasema sheria. Zile za michezo ya sarafu kwenye simu. Zimepita. Wanasheria waliokaa kuziandika ni watatu. Watatu, nchi nzima! Na mmoja katoka tumboni mwangu, mimi wa darasa la saba. Karoti mbili zimekwenda na maji. Ziende.

Jumatano, 5 Juni

Jumuiya tumesali kwa Mama Prisca. Baada ya rozari nikasimama, nikasema. Sikuongeza chumvi. Kidogo tu.

Wakauliza, mchezo gani huo. Nikawaeleza kama Skola alivyonieleza. Unanunua sarafu za kuchezea tu. Juu yake wanakupa sarafu za zawadi, bure. Ukishinda kwa zile za zawadi, unalipwa fedha kabisa. Kampuni inasema hiyo si kamari, maana za zawadi hukuzinunua. Basi ikawa haina kibali, haiulizwi na mtu, hata watoto wa shule wanabonyeza. Sasa serikali imesema: ni kamari. Kibali lazima, watoto marufuku.

Mzee mmoja hakuelewa. Nikampa mfano wa Skola: mtu akikuuzia kibiriti kwa bei ya mbuzi, akasema mbuzi ni zawadi, wewe umenunua nini?

"Mbuzi!" akapiga kelele. Wakacheka wote. Nimerudi nyumbani natembea kama nimevaa viatu vipya.

Ijumaa, 7 Juni

Kaka Melkiori amenuna.

Kaka yangu mkubwa ni wakala wa mchezo huohuo. Banda lake liko karibu na soko, limepakwa rangi ya njano ya kampuni, anawauzia watu sarafu. Nilijua. Nilipokuwa nasema pale jumuiyani sikulikumbuka. Leo nimepita. Shikamoo kaka. Kaitikia kama anatema kokwa.

Na barua ya posa ya Skola iko kwake. Watu wa Dumila, kwa kina Joakimu, mchumba wake, waliileta Jumapili iliyopita. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Mjomba ndiye anayefungua barua, mjomba ndiye anayewapokea washenga. Mume wangu, baba yake Skola, atakaa pembeni kama mgeni mwema. Kaka asipofungua, hakuna posa.

Jumapili, 9 Juni

Mume wangu kaenda kuchungulia baada ya misa. Barua iko juu ya kabati. Haijafunguliwa. Kaka kamkaribisha uji tu.

Dumila wanapiga simu. Nawaambia mjomba ana mafua. Mafua gani ya wiki nzima!

Mama Prisca ananishauri Skola alegeze kidogo, ni mjomba wake. Alegeze nini? Sheria si khanga. Nimemkasirikia sana kaka. Mtu mzima, mvi kichwani, anamzibia mtoto ndoa kwa ajili ya mchezo wa simu.

Jumanne, 11 Juni

Nimempigia Skola. Nimemwambia yote. Na nikathubutu kuuliza kama hakuna njia ya pembeni kwa mjomba wake, ndogo tu.

Akanijibu taratibu:

"Mama, siku ya kwanza nilisema kazini kwamba mjomba wangu ni wakala. Ile sehemu ya mawakala wakaiandika wenzangu. Fomu ya kibali ni ileile kwa wote."

Nimeona aibu. Nimeona fahari pia, na fahari imezidi. Nani kamlea? Mimi.

Ila sauti yake haikuwa nzuri. Kauliza, "Mama, na asipofungua?" Nikamjibu atafungua. Nina hakika. Nusu.

Alhamisi, 13 Juni

Nimeamka kwenda kugombana. Nimejifunga khanga kiunoni kabisa. Nakuta banda limefungwa, na kaka mwenyewe yuko juu ya stuli, anakwangua ile rangi ya njano kwa kisu.

"Umefunga, kaka?"

"Kampuni hawana kibali. Niuze nini? Nikamatwe kwa sheria ya mpwa wangu?"

"Sasa umenuna nini?"

Akashuka. Akanitazama kama zamani, nilipokuwa mdogo nikivunja chungu.

"Mtoto wa ukoo wetu kaandika sheria ya nchi. Na mimi mjomba wake naambiwa na Mama Prisca! Kaja kununua vocha, ananiambia, hongera mjomba. Hongera ya nini? Nikajifanya najua. Jumuiya nzima inajua, dada, mimi wa mwisho!"

Nikaifungua khanga kiunoni.

Habari ya mtoto huanza kwa mjomba. Nimekulia nalo hilo. Nikaikimbiza jumuiyani kabla ya kwake. Si mchezo, si kampuni. Ni mdomo wangu. Naandika mara moja tu, sirudii.

Jumamosi, 15 Juni

Nimekwenda na jogoo mwekundu, yule mkubwa. Mume wangu nyuma yangu. Nikakaa chini mkekani, nikataja kosa, sikupindisha.

Halafu nikampa habari upya. Tangu mwanzo, tangu simu ya mtoni. Na kaka akaipokea kama hajawahi kuisikia. Akapiga makofi. Akamwita mkewe aje asikie.

"Wangapi, ulisema?"

"Watatu, kaka. Nchi nzima."

"Watatu!"

Kaniuliza mara tatu. Mara tatu nimemjibu, na kila mara nimesikia utamu.

Nikamsimulia na habari ya ile fomu, kwamba Skola kakataa kumpa njia ya pembeni. Niliogopa. Kacheka mpaka kakohoa. Kasema, huyo ni wetu, si wa baba yake. Mume wangu naye kacheka, afanyeje.

Kisha kaka akaomba barua ishushwe. Kavaa miwani. Kasoma kwa sauti, polepole, mpaka sahihi.

Jumapili, 16 Juni

Ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba. Baridi.

Baada ya misa kaka ndiye aliyetangaza. Kasimama na koti lake la harusi, kaeleza kanuni, kibali, wanasheria watatu. Mbuzi na kibiriti kavichanganya. Sikumsahihisha. Imeniuma, nimeweza.

Bandani atauza mbegu za kabichi. Skola nimemwambia kwa simu, akalia kidogo, akaniambia ni mafua.

Kaka kawapigia Dumila mwenyewe. Washenga watapokelewa mbele ya ukoo wote na jumuiya yote: Jumamosi, tarehe 29.